Umaksi na uanaume: njia tano za kuuliza swali moja ukiwa Uganda

Kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukifika, napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa wanafunzi wa Kampala, Mbale, Gulu na Arua. Mtu ana mada nzuri: waendesha boda, wachimba mchanga, askari waliostaafu, vijana wanaobebwa kwenye malori ya kampeni. Anajua anataka kuandika juu ya wanaume na siasa. Anahisi pia kwamba Karl Marx, mchambuzi wa matabaka na ubepari, yumo humo, maana kila anakokwenda kuuliza maswali watu wanamjibu kwa habari za pesa. Kisha anakwama kwenye sura ya nadharia. Msimamizi mmoja anamtuma kwa Mamdani, msomi wa matabaka ya Uganda, wa pili anamtuma kwa Connell, mwanasosiolojia wa uanaume, na rafiki aliye kwenye masomo ya jinsia anamwambia hao wote waliandika bila kumwona mwanamke wa Kiafrika.

Ulinganisho huu ni wa mtu huyo. Swali lake ni moja: pesa na tabaka vinahusianaje na kuwa mwanamume? Nimeweka njia tano, na ili zisielee hewani, zote nitazipeleka mahali pamoja: steji moja ya boda pembezoni mwa Kampala. Pikipiki nyingi pale si za waendeshaji. Kila jioni dereva anapeleka hesabu kwa bosi. Yupo mwenyekiti wa steji. Yupo mama anayeuza chai na mandazi chini ya mwavuli, ambaye mumewe ni mmoja wa madereva. Mimi nimekulia Busia, mahali boda ilipopata jina lake, enzi za baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, kwa hiyo mfano huu nimeuishi kabla sijausoma.

Vipimo kwanza

Ukubwa wa jina usikutishe. Pima kila njia kwa maswali manne. Jicho lake linatua wapi kwanza? Ndani yake mwanamume ni nani: mfanyakazi, bwana, mfano wa kuigwa, au cheo? Itakudai ushahidi gani, na utaupata kwa lugha ipi? Na ikishamaliza kazi yake, nini kitabaki gizani?

Swali la lugha naomba nilikalie kidogo, kwa sababu wasimamizi wengi hulipita. Hapa Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni, King's African Rifles. Kilibaki kambini baada ya uhuru wa 1962, na mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Angalia maneno yake yaliyosambaa nchi nzima: afande, magendo, mafuta mingi, panda gari. Hayo ni maneno ya bunduki, ya biashara ya gizani na ya msako. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikipa hadhi ya lugha rasmi ya pili, lakini masikio ya watu hayabadilishwi na katiba. Niliwahi kumhoji mzee mmoja wilayani Wakiso kwa Kiswahili kwa saa nzima, akanijibu kama anayetoa ripoti: ndiyo, hapana, sijui. Nilipohamia Kiganda changu kibovu, akaanza kunisimulia jinsi alivyolia mkewe alipofariki. Mzee ni yule yule, na mada ni ile ile. Ukimhoji mwanamume wa Uganda kwa Kiswahili, huenda umeshamvika buti kabla hajafungua kinywa.

Jambo jingine la lugha: tuna maneno matatu, na ni vyema yasichanganywe. Uanaume ni hali ya kuwa mwanamume mbele ya jamii. Urijali ni nguvu na ushujaa anaosifiwa mtu, mara nyingi hata wa kitandani. Ubabe ni kutumia nguvu juu ya wengine. Vitabu vingi vinayaweka yote chini ya neno moja, nawe ukitafsiri bila kufikiri utaandika sura nzima juu ya ubabe ukidhani umeandika juu ya uanaume.

Njia ya kwanza: Umaksi wa mali na tabaka

Jicho linatua kwenye chombo cha uzalishaji. Nani anakimiliki, nani anakitumia, ziada inakwenda kwa nani? Pale stejini, kijana anasema amejiajiri. Daftari lake linasema mengine: mafuta ni juu yake, pancha ni juu yake, askari wa barabarani ni juu yake, na hesabu ya bosi haipungui hata mvua ikinyesha siku nzima. Yeye si mfanyakazi wa mshahara kama wa kiwanda cha Manchester, maana anakodi chombo badala ya kuuza saa zake. Hapo ndipo Umaksi unapokulazimisha kufikiri badala ya kukariri, kwa kuwa uhusiano huo unafanana zaidi na wa mpangaji na mwenye shamba.

Uganda ina urithi mnono katika njia hii. Kitabu cha Mahmood Mamdani cha 1976 kinaonyesha jinsi pamba, machifu waliopewa ardhi ya mailo (yaani ya kumiliki, iliyopimwa kwa maili za mraba) kwa mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, na wafanyabiashara wa Kiasia walivyojenga matabaka ya nchi hii, huku West Nile na Kigezi zikigeuzwa hazina ya vibarua. Dani Nabudere na Yash Tandon, Waganda pia, walibishana naye na wenzake katika mjadala mkali wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mjadala ambao Tandon aliuhariri ukawa kitabu mwaka 1982. Msamiati wa Kiswahili wa njia hii ulishapikwa tangu zamani: unyonyaji, thamani ya ziada, mapambano ya kitabaka. Nasi Uganda tuliongeza neno letu la kitabaka, mafuta mingi, yaani matajiri wapya walioibuka baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa.

Mwanamume ndani ya njia hii ni mfanyakazi, au bepari, au mkulima. Jinsia yake haiulizwi. Kibarua wa West Nile aliyekwenda kukata miwa Busoga kwa kawaida alikuwa mwanamume, na vitabu vinataja hilo kama vile unavyotaja hali ya hewa. Lakini usimsingizie Marx mwenyewe ukimya kamili. Mwaka 1846 alichapisha makala juu ya watu waliojiua, akitumia maandishi ya Peuchet, mtunza kumbukumbu wa polisi wa Paris, na wengi wa wanaosimuliwa humo ni wanawake waliobanwa na familia. Katika *Capital* ya 1867 anasema mashine zilimfanya mfanyakazi, aliyekuwa akiuza nguvukazi yake mwenyewe, sasa auze ya mkewe na watoto, akawa kama mfanyabiashara wa watumwa. Engels, mwenzake wa kuandika, naye mwaka 1884 aliandika kwamba ndani ya familia mume ndiye bepari na mke ndiye mfanyakazi. Mbegu ilikuwapo. Wengi waliofuata hawakuimwagilia.

Ushahidi utakaodaiwa ni hesabu, mikataba, mikopo, bei, na kumbukumbu za serikali. Namba zinasema kwa lugha yoyote, kwa hiyo hata mwenye Kiganda kibovu kama changu anaweza. Kinachobaki gizani ni heshima. Njia hii itakueleza kwa nini dereva hana pesa. Haitakueleza kwa urahisi kwa nini, siku akizipata, ananunulia steji nzima soda kabla hajapeleka unga nyumbani.

Inamfaa mwenye mada ya kipato, ardhi, kazi au kodi, na anayeweza kukaa na madaftari bila kuchoka.

Njia ya pili: kumsoma Marx kama mwanamume aliyeandika

Hii haihitaji steji. Inahitaji maktaba, utulivu, na ujasiri wa kuwahoji wakubwa. Wendy Brown, mwaka 1988, aliwasoma Aristotle, Machiavelli na Weber akiuliza siasa iligeuzwaje kuwa uwanja wa wanaume. Mwaka huo huo Carole Pateman alionyesha kwamba nyuma ya mkataba wa kijamii wa wanafalsafa kuna mkataba mwingine usiotajwa, wa wanaume juu ya wanawake. Christine Di Stefano, mwaka 1991, aliwachukua Hobbes, Mill na Marx. Juu ya Marx hoja yake inauma: mtu anayejiumba mwenyewe kwa kazi yake ni mtu ambaye kazi ya mama yake imefutwa. Kabla yao wote, mwaka 1981, Mary O'Brien, aliyekuwa mkunga kabla ya kuwa msomi, alimsoma Hegel na Marx akauliza kwa nini falsafa ina mengi ya kusema juu ya kifo na machache juu ya kuzaa.

Mwanamume hapa ni sauti iliyojificha ndani ya neno "mtu". Ushahidi ni maneno ya maandishi yenyewe, na nyakati nyingine ya maisha. Mwaka 1865, katika mchezo wa maswali wa binti zake, Marx aliulizwa sifa anayoipenda kwa mwanamume, akajibu nguvu. Kwa mwanamke? Udhaifu. Ilikuwa michezo ya nyumbani, na sitaki uijengee tasnifu. Hata hivyo inasaidia kukumbuka kwamba miswada ya mtu huyo ilinakiliwa na mkewe Jenny, kwa kuwa mwandiko wake haukusomeka, na kwamba Helene Demuth ndiye aliyeendesha nyumba yao. Mwaka 2012 Heather Brown aliitetea picha pana zaidi ya Marx kwa kurudi kwenye maandishi yake yote juu ya jinsia na familia, pamoja na madaftari ya uzeeni aliyoandika akisoma wanaethnolojia. Ukichagua njia hii, soma pande zote mbili.

Gizani linabaki tumbo. Mama wa mandazi hatakuwamo. Inamfaa mwanafunzi wa falsafa au nadharia ya siasa, na pia asiye na nauli ya kwenda uwandani, jambo ambalo halina aibu yoyote.

Njia ya tatu: ufeministi wa Kimaksi na kazi isiyolipwa

Sasa rudi stejini, lakini geuza kiti umtazame mama wa chai.

Jicho linatua jikoni: nani anapika, nani anafua, nani analea, ili kesho asubuhi mfanyakazi apatikane tena akiwa na nguvu? Mwaka 1972 Mariarosa Dalla Costa na Selma James walidai kwamba kazi hiyo ya nyumbani ndiyo inayotengeneza bidhaa ambayo ubepari unaihitaji kuliko zote, yaani nguvukazi. Heidi Hartmann, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliongeza jambo lililowakera wandugu wengi: wanaume wa tabaka la wafanyakazi nao walifaidika. Vyama vyao vilipigania mshahara wa kutosha kumtunza mke nyumbani, na mshahara huo ulimweka mke chini ya mume. Lise Vogel, mwaka 1983, alitaka nadharia moja badala ya mbili, yenye mizizi katika *Capital* yenyewe. Ubishi wa Hartmann na Vogel, kama tuna mifumo miwili au mmoja, ndio utakaoulizwa wakati wa kutetea tasnifu. Jiandae.

Afrika Mashariki hatukuwa wasikilizaji tu. Marjorie Mbilinyi, pale pale Dar es Salaam, aliandika juu ya wanawake na uzalishaji wa vijijini. Silvia Federici, ambaye wengi wanamjua kwa kitabu chake cha 2004 juu ya wachawi wa Ulaya, alifundisha Nigeria miaka ya 1980. Na hoja ya Harold Wolpe ya 1972 juu ya Afrika Kusini, kwamba mshahara wa kibarua ulikuwa mdogo kwa sababu shamba la kijijini lilibeba gharama ya familia yake, inafungua historia ya West Nile na Kigezi kama ufunguo uliotengenezewa kufuli hiyo. Nani alilima lile shamba wakati mume yuko kwenye miwa ya Kakira au Lugazi?

Naweza kusema kwa mdomo wangu. Nyumbani kwetu Busia baba alikuwa ndiye "mwenye nyumba" na baiskeli yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa kazi. Wiki za mvua baiskeli haikutoka. Tulikula nyanya na sabuni ambazo mama alivusha mpakani kwa kichwa, na jioni sahani kubwa ilikwenda kwa baba. Sikusoma hilo kitabuni. Lakini niliposoma Hartmann nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Mwanamume katika njia hii ni mtu mwenye nafasi mbili kwa pamoja, ananyonywa barabarani na anahudumiwa nyumbani. Hesabu ya bosi imepangwa kana kwamba chakula, nguo safi na malezi vinaanguka kutoka mbinguni. Mke wa dereva anauza chai saa kumi na mbili asubuhi na anapika usiku, na mapato yake yanaitwa "ya kusaidia".

Ushahidi wake ni mgumu. Utahitaji shajara za saa, wiki baada ya wiki, na imani ya wanawake ambao hawana muda wa kukaa nawe. Mtafiti wa kiume atachekwa au atashukiwa, kwa hiyo bora awe na mwenzake wa kike. Kiswahili hapa mara nyingi hakitoshi, kwa kuwa mambo ya jikoni husemwa kwa lugha ya mama. Sheria pia ni ushahidi: mabadiliko ya sheria ya ardhi ya 2004 yanamlinda mke kwa kudai idhini yake kabla ardhi ya familia haijauzwa, na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Agosti 2015 ulisema kudai kurudishiwa mahari ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba, ingawa mahari yenyewe haikukatazwa.

Gizani? Wanaume wakiwa wao kwa wao. Njia hii inamwona mwanamume zaidi akiwa na mkewe. Utani wa stejini, ushindani, aibu, woga wa kuitwa mwanamume suruali, haina zana nyingi za kuvishika. Nadhani ndiyo njia inayopuuzwa zaidi na wanafunzi wa kiume hapa kwetu, nami naomba waiogope kidogo.

Njia ya nne: kutoka Gramsci hadi Connell

Antonio Gramsci, mkomunisti wa Italia, alifungwa na serikali ya Mussolini mwaka 1926, na tangu 1929 akaandika madaftari yake gerezani. Alitaka kujua kwa nini wanaotawaliwa wanakubali. Jibu lake, hegemonia, ni utawala unaosimama kwa ridhaa kuliko kwa rungu. Aliona hata viwanda vya Ford vikifuatilia pombe na maisha ya chumbani ya wafanyakazi, kwa sababu mashine mpya ilidai mwanamume wa aina mpya. Raewyn Connell wa Australia alilichukua wazo hilo akalipeleka kwenye jinsia, kwanza na wenzake mwaka 1985, kisha katika vitabu vya 1987 na 1995, na mwaka 2005 akalirekebisha pamoja na James Messerschmidt.

Jicho linatua kwenye uhusiano wa wanaume na wanaume. Upo uanaume wa kuigwa, upo wa washirika wasioufikia lakini wanafaidi, upo uliotiishwa, na upo uliotengwa kwa tabaka au rangi. Hata maskini anapata gawio la mfumo dume kwa kuwa mwanamume tu.

Hapa kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kudhani uanaume wa kihegemonia ni ule wa ubabe. Nenda stejini uone. Anayepiga kelele na kutunisha misuli haigwi na mtu. Anayeigwa ni bosi, mwenye pikipiki tatu na nyumba ya matofali, anayelipa karo kwa wakati na kuitwa kwenye harambee. Hajawahi kumtukana mtu. Madereva wanampelekea pesa zao kila jioni na bado wanataka kuwa yeye. Ridhaa hiyo ndiyo hegemonia. Kosa la pili ni kuvigeuza vikundi vile vinne kuwa vibandiko: huyu mshirika, yule aliyetengwa, sura imekwisha. Connell alizungumzia mahusiano yanayobadilika, hakuwa na makabati manne ya kuwafungia watu.

Uganda imeandikwa vizuri kwa njia hii na kwa njia zilizo karibu nayo. Chris Dolan, mwaka 2002, aliandika juu ya wanaume wa kaskazini wakati wa vita vya serikali na waasi wa LRA. Kuanzia 1996 Waacholi walikusanywa kwa amri katika kambi zilizoitwa vijiji vya ulinzi. Mfano wa mwanamume ulibaki ule ule, aoe, alishe, alinde, lakini ng'ombe walikuwa wameshaporwa, mashamba hayafikiki, na bunduki zote ziko kwa wengine. Dolan anaonyesha kwamba mfano mmoja wenye nguvu unaweza kuziba nafasi ya mifano mingine, na kwamba dola yenyewe ilishiriki kuwavunja wanaume hao. Ukitumia msamiati wa "aina nyingi za uanaume" kwa Waacholi wa Gulu bila kupambana na hoja hiyo, utakuwa umewadhulumu watu. Alicia Decker, mwaka 2014, alisoma utawala wa Amin kwa jicho la jinsia na ujeshi, na Robert Wyrod, mwaka 2016, alichunguza uanaume, kazi na UKIMWI hapo Bwaise, mtaa wa Kampala.

Ushahidi ni maneno, majina ya utani, vicheko na ukimya. Lugha ndiyo kila kitu, na onyo langu la buti linahusika hapa kuliko popote. Gizani mara nyingi inabaki pesa. Connell mwenyewe hakuisahau. Wanaomnukuu ndio huisahau, mpaka uanaume unakuwa mavazi tu na hesabu ya bosi haimo.

Njia ya tano: wasomi wa Afrika wanaohoji mipaka yenyewe

Ifi Amadiume, mwaka 1987, aliandika juu ya Waigbo wa Nnobi ambako binti aliweza kushika nafasi ya mwana wa kiume na mwanamke aliweza kuoa. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, mwaka 1997, alisema kwamba kwa Wayoruba wa kale ukubwa wa umri ndio uliopanga watu, na kwamba "mwanamke" kama kundi la kijamii lililetwa na ukoloni. Jicho linatua kwenye makundi yenyewe: nani alisema mwili ndio unaopanga cheo?

Hapa kwetu swali hili si geni. Kabaka, mfalme wa Buganda, anaitwa Ssaabasajja, mkuu wa wanaume, cheo kinachofanya uanaume uwe ngazi yenye mtu mmoja juu kabisa. Nakanyike Musisi, katika makala yake ya 1991, alionyesha jinsi dola ya Buganda ilivyokua sambamba na wakubwa kujikusanyia wake, na jinsi wanawake walivyogawanyika: Namasole (mama wa Kabaka) na mabinti wa kifalme wenye mamlaka upande mmoja, mateka upande mwingine. Hiyo ni tabaka na jinsia kwa pamoja, imeandikwa na Mganda, kuhusu Uganda, na bado naona marejeo ya wanafunzi yanaanzia Sydney, kwa Connell. Sylvia Tamale, katika kitabu chake cha 2020, anadai ukombozi wa fikra na ukombozi wa wanawake viende pamoja.

Tahadhari yangu ni moja. Kiswahili humwita mke na mume "yeye" kwa neno moja, na Kiganda nacho hakitofautishi. Hilo halijazuia ngumi nyumbani. Lugha isiyo na jinsia si ushahidi wa maisha yasiyo na mabwana. Njia hii inadai uijue lugha ya mahali kwa kina, uwajue wazee, na uwe na subira na masimulizi. Inamfaa mwenye mada ya ufalme, ukoo, mahari au dini, na hasa mzawa wa lugha husika. Inayobaki gizani ni sasa hivi: pikipiki za mkopo, kampuni za simu, vijana waliokulia Kampala bila ukoo wa kuwapanga.

Kwa hali yako

Ukiwa na miezi michache na mada ya kipato, shika njia ya kwanza, kisha azima swali moja tu kutoka ya tatu: hesabu hii inamudu kuwa kubwa hivi kwa sababu nani anafanya nini bure?

Ukiwa unaandika juu ya wanajeshi, vita, kampeni au ukatili, anza na ya nne, na Dolan umsome kabla ya Connell ili swali la Gulu litangulie.

Ukiwa kwenye falsafa, ya pili inatosha yenyewe. Usiongeze mahojiano kumi ya haraka ili ionekane ya Kiafrika. Msome Musisi dhidi ya Engels na utakuwa na tasnifu.

Ukitaka kuchanganya, ya kwanza na ya tatu zinakaa pamoja bila ugomvi mkubwa. Ya tatu na ya nne zinafaana kwa mtu mwenye muda. Ya nne na ya tano ni ngumu: ya nne inachukulia wanaume kuwa kundi, ya tano inauliza kundi hilo limetoka wapi. Ukizichanganya, sema mapema ni ipi inayouliza na ipi inayojibu.

Na kama bado hujui, nenda stejini mara moja bila dodoso, ukae asubuhi nzima. Gawa ukurasa katikati. Kushoto andika kila namba uliyoisikia: bei, deni, hesabu, karo. Kulia andika kila jina ambalo wanaume waliitana, na aliyeitwa alifanya nini baada ya kuitwa. Ukikuta kushoto kumejaa, nenda njia ya kwanza au ya tatu. Ukikuta kulia kumejaa, nenda ya nne au ya tano. Kisha nunua chai, umuulize mama ameamka saa ngapi.